Kadi ya Ureno na Milki Zake

Dar es Salaam
Jumapili asubuhi, mvua imekatika kidogo

Mama, shikamoo.

Naanza na goti lako la kushoto kabla ya jambo lolote, kwa sababu najua ukiulizwa hali utasema njema hata kama umelala chini huwezi kuinuka. Uvimbe umepungua? Unalikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, au unangoja mpaka liume? Chumvi niliyompa shemeji Momade avuke nayo mtoni ilikufikia kavu? Na ile nyumba mpya mliyojenga baada ya ndege za Wareno kubomoa ya kwanza, paa lake limeshika mvua hii? Nijibu moja moja, usijumlishe.

Mwalimu Rosária, wewe unayemsomea Mama, nakusalimu kwa heshima. Nasikia umeanza kuwafundisha hesabu akina mama pia, na kwamba Mama yangu ni mbishi darasani. Vumilia. Barua hii ni ndefu, nakuomba usiruke mahali. Nimeandika juu ya marehemu mdogo wangu Saidi. Mama akilia mwache alie, kisha endelea kusoma, kwa sababu mbele si pa kulia.

Mama, mimi ni mzima. Bado ninakaa chumba kile kile Temeke, kwa yule mjane wa Kizaramo anayeniita mwanangu na kunigombeza kama mwanawe kweli. Kazini nipo pale pale, ofisi ya mashine. Katika barua yako uliuliza kwa nini naomba sweta nami nipo Dar es Salaam, kama nimepata homa. Sina homa. Mashine yetu, kompyuta, haivumilii joto. Sisi watu tunatoka jasho nje, yenyewe inapulizwa ubaridi mchana kutwa kama bibi harusi. Ninaingia na kanga mbili mabegani juu ya gauni, na bado vidole vinakufa ganzi.

Hujawahi kuniuliza nafanya nini hasa humo ndani. Nadhani uliona aibu kuuliza, au uliogopa nitakuona hujui. Ngoja nikueleze, maana bila hilo hutaelewa habari yenyewe.

Kila mwezi hospitali za kusini mwa Tanzania, huku upande wetu wa Rovuma, zile zinazopokea wagonjwa wa huku na majeruhi wetu wanaovushwa, hutuletea karatasi. Mgonjwa mmoja, karatasi moja: jina, umri, anaumwa nini, katoka nchi gani, kapona au kafariki. Mimi na Salima, mwenzangu wa Kilwa, tunazigeuza karatasi hizo kuwa kadi. Kadi ni karatasi ngumu, urefu wake kama kiganja na vidole vyake, na tunaitoboa matundu madogo kwa mashine yenye vibonye. Kila tundu lina maana yake, kwa mahali lilipo. Kompyuta inazimeza kadi, inasoma matundu, kisha inachapa orodha ndefu ambayo wakubwa hutazama wakigawa dawa, vitanda na magongo ya kutembelea.

Kompyuta yenyewe haijui kitu, Mama. Ofisini hawapendi tuseme hivyo mbele ya wageni. Inafuata maagizo tu, na maagizo yenyewe nayo yametobolewa kwenye kadi, rundo zima, wanaliita programu. Ukiagiza upuuzi itafanya upuuzi, tena kwa haraka, bila haya.

Sasa, katika ile karatasi ya mgonjwa, nchi haiandikwi kwa jina. Inaandikwa namba. Kuna kitabu cha namba kilichokuja pamoja na mashine kutoka ng'ambo. Unatafuta nchi, unapata namba, unatoboa. Mtu wa hapa, sifuri moja. Mtu wa Malawi, sifuri tatu. Nilipoanza kazi nilitafuta kwetu kitabu kizima. Hatumo. Salima ndiye aliyenionyesha kwa ukucha wake, namba sifuri saba: Ureno na milki zake.

Alicheka. Hakuwa na ubaya, ni mtani tu, watu wa Kilwa na sisi tunajuana. Tangu siku ile akawa ananiita Mreno. "We Mreno, umemaliza rundo lako?" "Mreno, nipishe nipite." Nami nikawa namjibu kwamba mtu wa Kilwa asimfundishe papa kuogelea, basi tunacheka, tunaendelea kutoboa. Nilitoboa sifuri saba kwa watu wetu mwaka mzima. Nilijiambia ni namba tu.

Kisha ikaja karatasi ya Saidi.

Habari ya kifo chake nilikwisha kuipata, unakumbuka, kwa mkono wa shemeji Momade, na khitma tulisoma hapa nyumbani kwa mjane. Nilidhani nimekwisha kulia. Lakini karatasi za hospitali huchelewa, na wiki ya sita baada ya khitma nilifungua bahasha ya kusini kama kawaida, nikatoa karatasi ya tatu au ya nne, nikaona mwandiko wa daktari: Saidi Anli, mume, miaka ishirini na miwili, bomu la ardhini, amefariki.

Mama, niliitoboa mwenyewe. Sikumwambia Salima. Herufi tano za jina lake, nikajiona kama ninamwita mara ya mwisho kutoka pwani aje kula. Umri. Jeraha. Nilipofika safu ya nchi, kidole kikaenda chenyewe: sifuri, saba. Kilishazoea. Nilitambua nilichofanya wakati kadi imekwisha kuanguka kwenye sanduku.

Ningeweza kuitoa. Lakini ningeweka nini? Mashine ina orodha yake ya nchi ndani ya programu, na kadi yenye namba isiyokuwemo hutupwa nje kama mfupa. Angekosekana kabisa. Nikaiacha. Mwisho wa mwezi orodha ikatoka, nikamtafuta, nikamkuta: SAIDI ANLI, MUME, 22, MRENO, AMEFARIKI.

Bomu walilitega wao. Kisha nikamhesabu kuwa mtu wao.

Unakumbuka alivyokuwa akikwangua ukoko chunguni, kisha ananiachia kipande kimoja kikubwa, akidai kimeungua, hakifai? Hakikuungua. Nilikuwa nakikuta kizima kila mara. Siku ile nilikiwaza kile kipande mpaka saa ya kufunga ofisi.

Nilikwenda kwa mkubwa wetu, Bwana Lukindo. Ni mtu wa Usambaa, mpole, anatembea na peni tatu mfukoni na hakuna inayoandika. Nilimweleza. Akasikitika kweli, akanipa pole ya msiba, akaniagizia chai. Lakini akasema programu haiguswi. Ilitengenezwa ng'ambo, na fundi wake huja mara moja kwa mwaka. Ukibadili neno moja katikati, huwezi kujua ni wapi pengine patabomoka. Akasema niandike kwa kalamu pembeni kama nataka.

Nikaandika. Miezi mitatu, kila orodha iliyotoka, nilikata neno MRENO kwa wino mwekundu penye kila mtu wetu, nikaandika juu yake Msumbiji. Nakala zote nne. Mwezi wa tatu wakubwa wa juu wakarudisha orodha, wakasema imechafuliwa. Bwana Lukindo akaniita tena, safari hii bila chai. Akasema wino mmoja mwingine nitarudi nilikotoka, na akanikumbusha kwamba kibali changu cha kukaa hapa kimeandikwa jina la ofisi hii.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nikakukumbuka wewe, kule kwetu Quiterajo, siku sipai, askari wa Wareno, alipokuja kutuandikisha tuhamie kwenye aldeamento yao, ile kambi ya waya. Nilikuwa nimekushika nguo kwa nyuma ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Ulikuwa umekaa unasuka shupatu la mkeka, hukuinuka. Ukamwambia, "Anayefungiwa jioni ni kuku. Mimi nina mlango wangu." Akacheka, akaandika jina lako, akaenda zake. Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kuelekea Rovuma, Saidi amebeba jogoo kichwani. Hukumpigia sipai kelele, wala hukumwomba. Uliendelea kusuka mpaka mwisho wa shupatu.

Hapo ndipo nilipopata akili, na akili yenyewe ni yako.

Nilirudi kwa Bwana Lukindo nikamwomba kitabu cha maagizo ya mashine, nisome tu. Akadhani nimetubu. Akanipa. Miezi mitano nilisoma, nikiandika maneno nisiyoyajua kwenye daftari. Darasa la nne la Wareno halikunipa mengi, lakini lilinifundisha kunakili bila kuchoka. Nilichapisha programu yetu yote kwenye karatasi, nikaitandika chini chumbani kwangu, ikatoka kitandani mpaka mlangoni, nikawa natembea kwa magoti juu yake na penseli.

Nikaona kosa lilipo, Mama. Ile programu imesukwa kipande kimoja. Majina ya nchi yamesokotwa humo humo ndani ya maagizo, na majina ya wilaya vilevile, na ya magonjwa. Sasa wewe ulishaona wapi mkeka wa hivyo? Wewe unasuka mashupatu, kila shupatu peke yake, kisha ndipo unashona. Shupatu likiungua na kaa la moto, unafumua uzi wa pande mbili, unatia jipya, na mkeka unalaliwa siku hiyo hiyo. Saidi aliunguza mikeka mitatu kwa kaa lake la kuchomea korosho, na hakuna mgeni aliyewahi kujua.

Nikataka kuitoa orodha ya nchi nje ya programu, iwe rundo lake dogo la kadi, nchi moja kadi moja. Mashine ingeanza kwa kusoma maagizo, kisha isome nchi, kisha wagonjwa. Nchi ikibadilika jina, ungebadili kadi moja, na maagizo yasiguswe. Wilaya hivyo hivyo. Magonjwa hivyo hivyo.

Nilipomweleza Bwana Lukindo sikumtaja Saidi hata mara moja. Nilimwambia, bwana, nchi yenu inagawa wilaya kila uchao. Mwezi uliopita tumeshindwa kuandika wilaya mpya kwa sababu fundi hajaja. Mtamngoja mpaka lini? Akanitazama sana. Akaenda dirishani, akarudi. Mwishowe akakubali nijaribu, kwa nakala na si kwa programu yenyewe, Jumamosi mchana mashine ikiwa haina kazi. Orodha ya mwisho wa mwezi ikichelewa au ikitoka na kosa kwa sababu yangu, ofisini sina tena mahali. Nikasema sawa. Nilijua maana yake, na yeye alijua kwamba najua.

Kuandika maagizo mapya kulinichukua Jumamosi tisa. Lakini kuandika si kazi, kazi ni kuyajaribu. Huwezi kujaribu kwa wagonjwa wa kweli, kwa hiyo unatunga watu wa uongo, na unawatunga wabaya kusudi, uone kama mashine itawakubali. Salima alijitolea kunisaidia, na kwa hilo ana kipaji. Alitunga mzee wa miaka mia tisa. Akatunga mwanamume aliyelazwa kwa uzazi. Akatunga mgonjwa aliyekufa kabla hajazaliwa, akasema huyo ni shemeji yake. Mimi nikatoa majina ya kwetu, jirani zetu wa Quiterajo wote, hata yule jogoo nikampa kadi, umri miezi kumi, mvunjiko wa mguu. Kila aliyepenya tulirudi kwenye maagizo tukaziba alipopenyea. Jogoo alipenya mara tatu.

Katikati ya watu hao wa uongo niliweka kadi moja ya kweli, nakala ya Saidi, ikiwa na namba mpya niliyoichagulia nchi yetu. Nilitaka nimwone yeye wa kwanza akitoka vizuri.

Jumamosi ya kumi nikawa tayari. Bwana Lukindo mwenyewe alikuja, amevaa shati la kwendea msikitini. Nikapanga marundo: maagizo, nchi, wagonjwa. Nikabonyeza. Mashine ikavuta kadi zote kwa mlio mmoja mzuri, ikanyamaza, ikaanza kuchapa. Salima akavuta karatasi, akasoma, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Nilikuwa nimesahau kadi moja. Mwisho wa rundo la nchi inatakiwa kadi iliyotobolewa tisa tupu, inayoiambia mashine kwamba nchi zimekwisha, wanaokuja ni watu. Sikuiweka. Mashine ikaendelea kusoma wagonjwa ikidhani ni nchi. Ilichapa: IDADI YA NCHI 58. IDADI YA WAGONJWA 0. Na chini yake nchi zote kwa mstari: Tanzania, Kenya, Malawi, Zambia, kisha mzee wa miaka mia tisa, kisha jirani zetu wa Quiterajo mmoja mmoja, kila mtu ni nchi, kisha yule jogoo.

Bwana Lukindo akavaa miwani. "Zaina," akasema, "umemaliza wagonjwa wote. Hospitali zikusimamishie mnara."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nikaendelea kusoma mstari baada ya mstari, nikamkuta: NCHI 4127SAIDI ANLI. Zile tarakimu mbele ni namba yake ya hospitali, zilijibana na jina kwa sababu safu hazikulingana. Nikasimama pale nimeshika karatasi. Salima akaacha kucheka. Akaja akatazama kidole changu kilipo, akasoma jina, akaona jina la baba ni langu. Hakuwa akijua, Mama. Karibu mwaka mzima tangu ile karatasi tumekaa meza moja na sikumwambia. Akasema, "Huyu ni nani wako?" Nikamwambia. Akaenda kwenye mashine ya kutobolea, akatoboa tisa, tisa, tisa, mpaka mwisho wa kadi, akaniletea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hajaniita tena Mreno.

Ile karatasi nilipaswa kuitupa. Nimeikata mstari mmoja, upo ndani ya msahafu wangu.

Tukaweka kadi ya tisa, tukarudia, ikatoka sawa. Tukairudia Jumamosi nyingine mbili, tukachanganya kadi, tukaziweka kichwa chini, tukatoa nchi moja tuone kama mashine italia. Ililia ipasavyo.

Mwisho wa mwezi ndio huu uliopita. Mvua ilinyesha siku nne, na mvua ni adui wa kadi, zinavimba kama maandazi na kukwama kooni mwa mashine. Kadi za nchi ndizo zinazopita kila mara, kwa hiyo ndizo huchakaa upesi. Asubuhi ile nilizitoboa upya zote, nikazifunga kwenye kanga kavu, nikazibeba kifuani. Nilipofika kwenye kadi ya sifuri saba sikuitoboa kama ilivyokuwa. Nilitoboa URENO, basi, nikaishia hapo. Anayetoka Ureno akiugua kusini kwetu, namba yake ipo, atatibiwa. Kisha nikatoboa kadi nyingine, namba arobaini, MSUMBIJI, na wagonjwa wetu wa mwezi ule nilikuwa nimewatoboa arobaini.

Orodha ikatoka kabla ya adhuhuri, haina kosa. Bwana Lukindo akaipitia kwa rula, mstari kwa mstari, anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kwa mtu wetu wa kwanza. Rula ikasimama.

Akaniuliza kwa sauti ya chini nani kaniruhusu. Akasema nchi hiyo haimo kitabuni. Wakubwa wakiuliza, atawaonyesha kitabu gani? Kitabu kinasema Ureno na milki zake, na mpaka siku kitakapobadilika, ofisi inafuata kitabu. Hakuwa na hasira, Mama. Alikuwa na hofu, na mtu mpole mwenye hofu ni mgumu kuliko mkali.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Yote yalipotea. Nikasema, "Bwana, nina mama. Yuko upande wa pili wa mto, mguu unamuuma, na hajawahi kuwa milki ya mtu."

Salima aliacha kutoboa.

Nikamwambia kwamba kazi aliyonipa nimeimaliza, na orodha ni sahihi. Nikamwambia kubadili nchi sasa ni rahisi, hakuhitaji fundi wala mimi. Nikaenda kwenye rundo la nchi, nikaitoa kadi namba arobaini, nikaiweka mezani mbele yake na ile ya zamani, sifuri saba, pembeni. Nikamwambia, "Ukitaka iwe kama kitabu, hii itoe, hii irudishe, na watu wetu uwatoboe upya sifuri saba. Lakini uifanye kwa mkono wako. Mimi niliifanya mara moja kwa mkono wangu, kwa mdogo wangu. Sirudii. Kama ni kuondoka, kanga zangu ziko pale."

Alizishika zote mbili. Akaziinua kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua mayai, moja, kisha nyingine. Sijui alitafuta nini, matundu yote ni sawa kwa macho. Nilisikia ile mashine ya ubaridi ikinguruma na mvua juu ya bati la gereji ya jirani.

Kisha akatoa peni, ya kwanza haikuandika, ya pili haikuandika, akaazima ya Salima. Akafungua kile kitabu cha namba kutoka ng'ambo, ukurasa wa mwisho ulio mtupu, akaandika kwa herufi kubwa: 40, Msumbiji. Akatia sahihi yake chini. Akairudisha kadi ya arobaini ndani ya rundo, mahali pake hasa, akaligonga rundo mezani kulisawazisha.

"Sasa imo kitabuni," akasema. "Pelekeni orodha."

Orodha ilikwenda wiki mbili zilizopita na haijarudishwa. Huenda ikarudi. Ikirudi nitajibu. Majuzi ofisi nyingine mbili zimetuma watu wao waje kutazama tunavyotenga marundo, na Bwana Lukindo anawaeleza kana kwamba aliota yeye. Mwache. Kila Jumatatu mimi ndiye ninayekagua kadi, iliyolegea natoboa mpya, na kila wilaya mpya inapozaliwa naitilia kadi yake, na kwa muda mfupi tu imeingia. Mfumo kama huu haumaliziki kutengenezwa, Mama. Ni kama nyumba ya udongo, unaipenda kwa kuikandika.

Jumamosi zangu za sasa ninazitumia kwa kadi za zamani. Zimo kwenye makabati, karibu miaka miwili ya watu wetu, wazima na marehemu, niliowatoboa sifuri saba. Nawatoa mmoja mmoja, natoboa upya, arobaini. Hakuna aliyeniagiza. Wa kwanza alikuwa Saidi. Sasa ukimwuliza yule mnyama wa baridi Saidi Anli alikuwa wa wapi, atakujibu sawasawa, na hata nikiondolewa kesho atajibu hivyo hivyo.

Kaburi lake nilikwenda kuliona tulipopewa likizo ya Idi. Liko nyuma ya hospitali, mstari wa pili, amelazwa vizuri, kuelekea kibla, kuna jiwe la matumbawe kichwani. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba siku ya mwisho aliomba ukoko. Walidhani anaweweseka. Nilimwambia hakuwa anaweweseka.

Nisalimie shemeji Momade, mvushaji wetu, mwambie kamba ya mtumbwi aliyoagiza nimeipata na atakabidhiwa mpakani. Nisalimie shangazi Awa, mfinyanzi, na mumewe kipofu asikiaye ndege kabla ya watu wote. Bibi Muanaacha, mkunga aliyenipokea mimi na Saidi, mbusu mkono kwa niaba yangu. Na wapiganaji wanaopita hapo kuomba maji, wape, na waambie yuko dada yao anawaandika kwa jina linalowapasa.

Ndani ya bahasha hii utakuta kadi moja ngumu yenye matundu. Mwalimu Rosária, usijisumbue kumfafanulia. Ni ile ya zamani, sifuri saba, Ureno na milki zake. Bwana Lukindo aliiacha mezani na hakuna aliyeiulizia. Mama, karatasi yake ni kavu, inashika moto haraka kuliko makumbi. Washia jiko asubuhi, uchemshe maji ya goti.

Mwanao asiyekusahau,
Zaina binti Anli